KUPAKA RANGI YA UNGA VYUMA VYA PIKIPIKI NYUMBANI: NAMNA YA KULINDA MAPAFU, MACHO NA WATOTO

Ndugu msomaji, wewe mwenye pikipiki, na wewe fundi mwenye kutengeneza pikipiki za watu mbele ya nyumba yako, karatasi hizi ni zako. Na wewe mama wa nyumba, usiziweke pembeni, kwani mambo mengi tutakayosema hapa yanatokea jikoni mwako, na watoto wanaopata hatari ni wako.

Kila mutu anajua namna barabara zetu zinakula pikipiki. Wakati wa mvua tope inaingia kila pahali na kukaa pale siku mbili, tatu. Porbagaji inabeba mifuko ya makala na mihogo, inakwaruzwa, rangi inatoka, na kutu inaanza. Fundi anapaka rangi ya mafuta kwa burashi, na nyuma ya miezi michache rangi inabambuka tena. Ndiyo sababu vijana wengi wanauliza juu ya rangi ya unga, ile wanaona kwenye telefone: chuma kinatoka kinang'aa kama kipya, na rangi inakaa miaka. Wanauliza pia kama mutu anaweza kuifanya nyumbani bila feza mingi. Inawezekana. Lakini sharti kwanza ujue kazi hii iko namna gani, na mahali gani inaumiza mutu.

Rangi hii ni kitu gani?

Rangi ya kawaida ni maji-maji: rangi yenyewe imechanganywa na tina ao na dawa ingine kali ya kuilainisha. Tina inaruka hewani, rangi inabaki juu ya chuma. Rangi ya unga haina tina hata kidogo. Ni unga mwembamba sana kama unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, uliotengenezwa kwa plastiki na rangi. Unashikamanisha unga ule juu ya chuma, kisha unatia chuma katika tanuru. Unga unayeyuka, unaenea, na kwa nguvu ya moto unageuka kuwa ngozi moja ngumu. Aliyeanzisha jambo hili ni Mjerumani Erwin Gemmer, katika miaka ya 1950. Yeye alikuwa akipasha chuma moto kwanza, kisha akakichovya ndani ya unga uliochezeshwa na upepo. Nyuma yake, katika miaka ya 1960, watu walianza kutumia bunduki ya umeme: unga unapita katika bunduki, unapata umeme, na unakimbilia wenyewe kwenye chuma kilichofungwa na waya wa udongo, sawa vile vumbi inakimbilia kioo cha televizyo.

Tuseme ukweli: kwa upande wa mapafu, rangi hii ni bora kuliko kupuliza rangi ya tina. Fundi anayepuliza tina kila siku ndani ya chumba kidogo anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, na kwa miaka mingi akili yake na mishipa yake inaharibika. Kwa rangi ya unga hatari hiyo haiko. Hatari yake iko mahali pengine, na zaidi iko katika kazi ya mbele ya rangi, wakati wa kutosha rangi ya zamani na kutu.

Kutosha rangi ya zamani

Hapa ndipo tunaomba musikilize sana.

Mafundi wengine wanatafuta kompresa, wanaijaza muchanga mukavu wa muto, na kupuliza chuma. Kutu inatoka upesi, kazi ni nzuri kwa macho, na bei ni ya chini kwa sababu muchanga ni bure. Lakini muchanga unapogonga chuma unavunjika kuwa vumbi nyembamba sana ambayo jicho haiwezi kuona. Vumbi ile inashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na haitoke tena. Mapafu yanafanya makovu kuizunguka. Mugonjwa anaanza kukohoa, kisha anakosa pumzi akipanda kilima, kisha akivaa viatu. Wachimbaji wa madini na wapasuaji wa mawe wanaujua ugonjwa huu. Kwa Kifaransa wanauita silikozi. Hauna dawa ya kuuponyesha. Na tena mapafu yenye vumbi ile yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mapafu ya mutu mwingine, na hapa kwetu kifua kikuu ni kingi. Uingereza ilikataza kupuliza vyuma kwa muchanga tangu mwaka wa 1949, juu ya sababu hii tu. Wewe hapana kuanza leo kitu ambacho wengine waliacha zamani hivi.

Kitambaa cha kufunga puani hakisaidie. Hata ile barakoa ya kitambaa tulivaa wakati wa Korona katika mwaka wa 2020 hairudishe vumbi hii.

Ufanye nini basi? Tumia karatasi ya musasa ya maji na burashi ya waya, na chuma kiwe kimelowana wakati wote. Ndoo moja ya maji, kitambaa, na uvumilivu. Vumbi inabaki ndani ya maji, haipande hewani. Ni kazi ya siku nzima kwa porbagaji moja na sitandi, tunajua. Lakini mapafu hayauzwe sokoni.

Rangi za zamani, na hata zingine za mafuta zinazouzwa leo, ziko na risasi ndani, ile madini nzito ya batri. Zaidi rangi ya manjano na nyekundu. Mutoto anayetambaa pale baba yake aliposugua rangi anatia vidole mudomoni, na risasi inaingia damuni. Haimuangushe siku ile. Inamupunguzia akili pole pole, anakuwa mutoto asiyeshika masomo, na wazazi wanasema ni uvivu. Wanganga wa dunia yote wanakubaliana kwamba hakuna kipimo cha risasi ambacho ni kizuri kwa mutoto, hata kidogo namna gani. Kwa hiyo maji ya kusugulia usiyamwage uani penye watoto na kuku. Chimba shimo mbali na kisima na mbali na bustani. Vua nguo za kazi mbele ya kuingia nyumbani, zifuliwe peke yake, na unawe mikono na uso mbele ya kula ao kumubeba mutoto.

Wengine wanatumia soda kostiki, ile ya kupikia sabuni. Ni kweli inakula rangi, na bei yake si kubwa. Ukiitumia, tia soda ndani ya maji ya baridi kidogo kidogo. Usimwage kamwe maji juu ya soda, kwani inachemka na kuruka usoni. Vaa miwani ya kukinga macho na mifuko ya mikono ya mupira. Na usitie ndani chuma cha aluminiamu, kama vile ringi za kumwaga ao kifuniko cha injini: soda inakula aluminiamu yenyewe na kutosha hewa inayowaka moto. Dawa za kutosha rangi zinazokuja ndani ya mikebe, soma maandiko yake. Ukiona neno diklorometani, rudisha mukebe kwa muchuuzi. Hewa ya dawa ile ndani ya chumba kilichofungwa imekwisha kuua watu, na Marekani ilikataza kuiuzia watu wa nyumbani kwa kazi ya kutosha rangi katika mwaka wa 2019.

Kusafisha grisi: acha esanse

Ni desturi ya mafundi wetu kunawisha vyuma kwa esanse ao kwa petroli ya taa. Esanse inanunuliwa kwa chupa, na chupa ni ya Primus ao ya Fanta. Inawekwa chini, kando ya mulango. Mutoto mwenye kiu anarudi kutoka michezo, anaona chupa ya Fanta.

Sabuni ya unga na maji ya moto inatosha grisi vizuri. Paka, sugua, osha, rudia mara ya pili, kausha juani. Kama sharti esanse itumike, iwe ndani ya bidoni yenye alama, juu mahali mutoto hafike, si ndani ya chupa ya kinywaji hata kwa dakika tano.

Unga wenyewe

Unga ukiuzwa vizuri uko na maandiko juu ya mufuko ao boksi. Tafuta neno TGIC. Ni dawa inayotiwa katika unga wa namna fulani ili ngozi ya rangi ikauke ngumu. Inaweza kuleta upele na pumu, na nchi za Ulaya zinaihesabu kati ya dawa zinazoweza kuharibu mbegu ya uzazi wa mutu. Kuko unga usio na TGIC, na unapaka sawasawa. Omba ule. Muchuuzi asiyejua unga wake uko na nini, usinunue kwake. Unga uliogawanywa ndani ya sasheti bila jina ni wa bei ndogo, ndiyo, lakini hata moto wake hutajua ni wa kiasi gani.

Wakati wa kupaka, vaa kashene yenye alama FFP2 ao N95, miwani, na nguo za mikono mirefu. Unga ulioanguka usiufagie kukauka. Uokote kwa kitambaa kilicholowana. Na usijipulize kwa kompresa ili kutosha unga kwenye nguo. Vijana wanapenda sana kufanya hivi, na unga unaingia machoni na chini ya ngozi.

Jambo lingine ambalo watu hawasadiki mpaka walione: unga wowote mwembamba ukijaa hewani ndani ya pahali padogo unaweza kuwaka kwa kishindo kama baruti. Unga wa ngano unafanya hivyo, vumbi ya makala ya mawe inafanya hivyo. Katika mwaka wa 1906 vumbi ya makala ililipuka ndani ya shimo la Courrières, Ufaransa, na watu 1,099 walikufa. Wewe hauna shimo, una kichumba cha bati. Lakini kama umepuliza unga ndani yake na mbabula inawaka pembeni, ao mutu anavuta sigara mulangoni, sheria ni ile ile. Paka unga nje ao chini ya veranda ya wazi siku isiyo na upepo, na moto uwe upande mwingine kabisa wa kiwanja. Kisha beba chuma pole pole mupaka kwenye tanuru.

Bunduki ya umeme, hata ya bei ndogo, inatosha maelfu mengi ya volti. Nguvu yake ni ndogo, inashitua tu, lakini waya wa udongo sharti ushike chuma vizuri, na usisimame penye maji. Mutu mwenye mashine ya moyo kifuani asiishike.

Na kama hauna bunduki? Fanya kama Gemmer. Pasha chuma kidogo katika tanuru, kishike kwa koleo na mifuko ya mikono ya ngozi, nyunyizia unga kwa chujio juu yake, unga utashikamana wenyewe, kisha rudisha katika tanuru. Rangi inakuwa nene na haisawazike sana, lakini kwa sitandi na vyuma vya kukanyagia inafaa. Kwa chasi nzima, hapana, hautaweza.

Tanuru

Unga mwingi unahitaji moto wa digri 180 mupaka 200, kwa dakika 10 mupaka 20. Fuata maandiko ya unga wako. Hesabu inaanza wakati chuma chenyewe kimefika moto ule, si wakati umefunga mulango. Chuma kinene kinachelewa. Kipimo cha moto cha kulenga kwa mwangaza kinasaidia, kwani alama za kwenye jiko la zamani zinadanganya mara nyingi. Umeme ukikatika katikati, usiguse chuma. Umeme ukirudi, pasha tena na uanze kuhesabu upya.

Sasa mama, jambo hili ni lako. Tanuru iliyopika rangi haipike tena mukate, hata mara moja, hata ukiiosha kwa sabuni siku tatu. Moshi wa plastiki unashika kwenye kuta zake na unarudi juu ya chakula ikipata moto. Fundi asiye na feza ya kununua tanuru nyingine anasema, “Nitaazima ya muke wangu saa moja tu.” Umukatalie. Tanuru ya rangi ipakwe alama kubwa nyekundu mulangoni, na siku itakapouzwa, mununuzi aambiwe wazi, sababu yeye naye ana watoto.

Bei inaweza kupungua kwa njia nyingine. Mafundi watano wa kivuko kimoja wafanye likelemba, wanunue jiko moja la umeme lililochoka na bunduki moja, waziweke katika hangari ya mumoja wao. Kila mumoja anatumia kwa zamu. Ni bora kuliko majiko matano ya nyumba matano kuharibika.

Mutu atauliza: naweza kupika rangi kwa pipa na makala? Kwa makala moto hauna kipimo. Leo rangi inabaki mbichi, kesho inaungua na kutosha moshi mukali. Tena makala yanayowaka yanatosha hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ndani ya nyumba iliyofungwa inalewesha watu: kichwa kinauma, miguu inalegea, mutu analala na haamke. Jenereta inayonguruma ndani ya chumba inaua namna ile ile. Ikiwa watu wawili ao watatu wanaumwa kichwa pamoja karibu na moto, musitafute mulozi. Tokeni nje mara moja, mufungue milango, na anayelegea aletwe hospitali. Ukweli ni kwamba mwenye makala tu, bila umeme, afazali apake rangi ya kawaida kwa burashi, nje, upepo ukimupiga mugongoni. Hakuna haya ndani yake.

Vyuma visivyoingia tanuruni

Tanki ya esanse kwanza. Hata ikiwa imekaa tupu mwezi muzima, hata ikiwa imeoshwa, mupepo wa esanse unabaki ndani, na tanuru itaipasua. Tanki ipelekwe kwa wenye kazi ile ao ipakwe kwa burashi. Amotisa pia hapana: ndani yake kuko mafuta, na zingine ziko na hewa iliyobanwa. Vyuma vya freni visiguswe na rangi, kwani freni yenye rangi haishike, na abiria wako nyuma ni mama mwenye mutoto mugongoni. Toa rulma, mipira na nyaya zote. Ringi za aluminiamu zikipashwa kupita kiasi zinapoteza nguvu, na hautaliona mupaka siku ya shimo barabarani, uziache.

Kama mambo yameharibika

Mutoto akikunywa esanse, petroli ao tina: usimutapishe. Usimupe mawese, wala maziwa, wala maji ya chumvi, hata kama bibi anasisitiza kwa upendo. Esanse ikirudi juu inaingia mapafuni, na ni mapafu yanayomuua, si tumbo. Muvulishe nguo zenye harufu, umuoshe ngozi kwa sabuni, umukalishe, na umulete upesi. Akikohoa, akipumua mbio-mbio ao akisinzia, usingoje asubuhi. Hata akionekana muzima, aonwe na munganga, kwani mapafu yanaweza kuchafuka nyuma ya saa kadhaa.

Akimeza soda kostiki: vile vile usimutapishe, kwani soda itamuunguza koo mara ya pili. Mupanguze mudomo, umulete.

Soda ao unga jichoni: maji safi mengi, yatiririke juu ya jicho lililofunguliwa, dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia. Kwa soda, endelea hata njiani, na mutu abebe bidoni ya maji. Usitie maziwa ya mama, usitie dawa ya majani. Jicho lililoguswa na soda linaweza kupofuka, na linaokolewa na maji ya dakika za kwanza kuliko dawa zetu zote.

Kuungua kwa chuma ao unga uliyoyeyuka: maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Toa pete na saa mbele mukono haujavimba. Unga uliogandamana ngozini usiubandue. Utatoka na ngozi yake. Usipake dawa ya meno, mayai, mawese wala tope. Funika kwa kitambaa safi.

Fundi anayekohoa zaidi ya majuma mawili, anayepoteza kilo ao anayetoka jasho usiku, aje kupimwa kikohozi chake. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Umwambie munganga kazi unayofanya, na kama umewahi kupuliza muchanga, hata kama ni zamani, sababu hataweza kulijua kwa kukutazama.

Mukija juu ya ajali yoyote ya kazi hii, leteni chupa, mukebe ao mufuko wa unga pamoja na mugonjwa. Maandiko yake yanatuambia upesi dawa gani itatumiwa. Mulango wa wagonjwa wa haraka uko wazi usiku na muchana.